Laptopu ya Mzee Suud Iko Japani

Mzee Suud wa Chokocho, Pemba, hajapata kukaa nyumba moja na saa inayosema uongo. Ana saa ya ukutani ukumbini, ana ya kengele juu ya kabati, na mkewe Bi Rumaitha ana yake jikoni, na zote zinakwenda kwa hesabu yetu. Jua likishachomoza likatulia ni saa moja. Magharibi ikiadhiniwa, siku imekwisha na nyengine imeingia. Mtu akimletea habari za saa saba asubuhi, Mzee Suud humtazama kwa huruma kama anayemwona na homa, kisha humuuliza kama ameshakunywa chai.

Mimi ni jirani yake. Naitwa Asya, nasomesha kompyuta skuli ya sekondari, na nina ulimi. Hilo la ulimi watu wa Chokocho watakwambia kabla hujawauliza.

Kwa miaka mingi Mzee Suud alikuwa fundi saa mjini Mkoani. Alikuwa na meza ndogo barazani mwa duka la nguo, lenzi ameibana jichoni, na kisahani cha vyuma vidogo vidogo ambavyo ukipiga chafya umevipoteza. Vyama vingi vilipoingia na watu wetu wakaanza kususiana, huyu haendi dukani kwa yule, yule hamziki wa huyu, meza ya Mzee Suud haikususiwa na mtu. Wa bendera hii na wa bendera ile walikaa kwenye fomu moja, benchi refu la mbao, wakisubiri saa zao, wamenuna, wanatazamana magoti. Yeye hakuwauliza kitu ila saa imeanguka au imeingia maji. Mikono yake ilipoanza kutetemeka alifunga kazi mwenyewe, bila ya kuambiwa. "Fundi anayetetemeka n'mwizi," alisema. "Huchukua saa mbovu kidogo, akarejesha mbovu kabisa."

Kitu kimoja tu maishani mwake kilikwenda asivyotaka. Mwaka wa elfu mbili na moja, mambo ya siasa yalipochafuka, bintiye Manar alivuka kwenda Shimoni, pwani ya Kenya, na ami yake aitwaye Mmanga, msichana wa darasani bado, na kutoka huko wakasukumwa na dunia mpaka Uingereza. Mzee Suud hakumsindikiza. Alipopata habari, mtoto ameshaondoka, mkononi amevaa saa ndogo ya kike ambayo babake alimuundia kwa vyuma vya saa tatu zilizokufa. Manar akasoma huko, akaugua huko akapona, akawa muuguzi, na babake hakuwapo kwa lolote katika hayo.

Miaka kumi na ushei baadaye, Manar akatuma laptopu. Ilikuwa ya zamani, nzito kama kinu, imenunuliwa mkono wa pili kwa ajili ya jambo moja tu, wazee wake wamwone. Mie ndiye niliyeitwa kuiwasha. Loo! Bi Rumaitha alikuwa akiteleka chai tunapobonyeza kitufe, na chai ikinywewa ikamalizika, kompyuta bado inazunguka. Ikishawaka, Manar akionekana, mara anaganda mdomo wazi, na sauti inakuja nyuma yake peke yake. Siku moja aliganda hivyo muda mrefu, na Mzee Suud akanyanyuka akatoka nje. Nilimkuta anajifanya anatazama migomba.

"Haifai, mwalimu?" aliniuliza.

"Inafaa. Imebebeshwa mzigo si wake."

Basi nikaja na flashi yangu yenye Linux, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta. Niseme kidogo, kwa asiyejua, maana nilimweleza Mzee Suud vivi hivi. Kompyuta ina ule mfumo wake wa ndani, na juu yake ina sura, yaani desktopu: menyu, picha ya nyuma, saa ya pembeni, madirisha yanavyofunguka. Ndani ya Linux sura zipo nyingi na unachagua unayoitaka. Nyengine ni za fahari na zinakula kumbukumbu yote ya mashine, nyengine ni nyepesi. Laptopu kongwe ukiivisha sura ya fahari, umemtwisha bibi kizee gunia la karafuu.

Nilimwonesha ya kwanza, kwa kiburi changu, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo mwenyewe. Madirisha yake yakifunguka yanapepea kama pazia. Mzee Suud akaliangalia dirisha moja likipepea mpaka likatulia.

"Kule kupepea, kunafanya kazi gani?"

"Kunapendeza tu, Mzee."

"Kuondoe."

Ya pili ilikuwa kinyume chake. Haina menyu, haina picha, kioo kitupu cha rangi ya jivu, mpaka ubonyeze upande wa kulia wa kipanya ndipo kitu kitokeze. Inawaka upesi ajabu. Bi Rumaitha alichungulia akasema hiyo nyumba imehamwa. Mzee Suud aliipenda wepesi wake, lakini alipojaribu kubonyeza, kidole kikamtetemekea, akafungua hiki akafunga kile, na mwisho akaurejesha mkono wake mapajani. Sikupenda kumwona anaurejesha mkono.

Ya tatu inaitwa Xfce, alama yake ni panya. Si nzito, si tupu. Hapo ndipo tulipokaa, na kwa siku kadhaa baada ya laasiri tukawa tunaifungua yeye na mie kama inavyofunguliwa, naam, saa. Kila kitu kilichojiwasha chenyewe aliuliza kazi yake. Huyu wa kuchapisha karatasi? Hatuna mashine ya kuchapisha, atoke. Huyu wa kutafuta simu zilizo karibu? Atoke. Tulikwenda hivyo kwa raha zetu mpaka tukamtoa na wa sauti, tukakaa tunamtazama Manar anapiga midomo kama samaki, na mie nikarudi kumbembeleza yule wa sauti aingie ndani tena.

Kisha nikaishona kwa mwili wa mwenyewe. Mshale nikaukuza. Kule kubonyeza mara mbili nikakuondoa kabisa, ikawa kubonyeza mara moja kunatosha, kwa sababu mkono unaotetemeka hauwezi kugonga mara mbili pahala pamoja. Menyu nikaifuta yote, nikabakisha vitufe vitatu vikubwa katikati ya kioo, nimeviandika kwa Kiswahili: Kumwona Manar, Kusikiliza Kurani, Kuzima. Siku aliyobonyeza cha kwanza mwenyewe, na Manar akatokeza anacheka, Mzee Suud aliomba sahani. Alinipakulia halua mara mbili.

Ikabaki saa. Chini pembeni imeandikwa 4:15, na nje watu wanatoka kusali laasiri.

"Hino yasema uongo," alisema.

"Ni saa za kizungu, Mzee. Unatoa sita tu."

"Mie nitoe? Saa n'yake, atoe yeye."

Nikairudisha nyuma saa sita, nikadhani nimemaliza. Kumbe fundi hamalizwi hivyo. Magharibi ya Jumapili ikaadhiniwa, akarudi msikitini, akainama kwenye kioo. "Saa n'sawa. Siku haijageuka. Usiku wa Jumatatu ushaingia, na hino yangali Jumapili." Nikakasirika, nikaenda nyumbani, nikarudi kesho yake kwa kuwa jambo lilikuwa linanikera usingizini. Badala ya kuirudisha nyuma saa sita, nikaisogeza mbele saa sita. Nikatafuta kwenye orodha nchi iliyotutangulia kwa saa sita, nikaikuta Japani, nikaiambia laptopu kwamba inakaa Tokyo. Yale ya AM na PM nikayafuta. Jioni ile, dakika chache kabla ya adhana, saa ikafika kumi na mbili na siku ikageuka yenyewe mbele ya macho yake. Saa sawa, siku sawa.

"Iko wapi vino?" aliuliza.

"Japani, Mzee."

Alicheka mpaka akatoa leso. "Wajapani nawajua. Nimefungua saa zao umri wangu wote. Wale hawafanyi mzaha."

Mwezi wa Disemba Manar akaposwa na kijana wa Wete aliyekulia huko huko Uingereza, Nassor, na nikaha ikapangwa kusomwa huko. Shehe wao alikubali walii, yaani baba wa bibi harusi, aozeshe akiwa mbali, lakini kwa sharti: amwone kwa macho, na mashahidi wamwone, sauti ya simu peke yake hataki. Mmanga akapiga simu kwa wema wake. "Kaka, nipe wakala nimuoze mie kwa niaba yako, tusisumbuke."

"Manar sikumsindikiza," Mzee Suud alimjibu, taratibu, simu ameishika kwa mikono miwili. "Sikumsomesha, sikumuuguza. Hili ntalifanya mwenyewe, Mmanga, kwa mdomo wangu. Nikishindwa hili, mie baba wa nini?"

Siku ile hakuna aliyezungumza wakala tena. Ikaamuliwa usiku wa Ijumaa, saa mbili yetu. Kule wakati wa baridi jua hutua mchana mchana, kwa hiyo na wao usiku ungekuwa umeshawaingia. Nikaandika kikumbusho kwenye laptopu, maandishi makubwa juu ya picha: Ijumaa 2:00, Nikaha ya Manar. Msomaji wa kwetu hana haja ya kuambiwa, lakini nitasema: usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi ikichwa.

Alhamisi asubuhi akashuka na boti Maher, kaka yake Manar, mfanyakazi wa ofisi moja Dar es Salaam. Kuhusu Maher sitaki mtu aniseme vibaya. Ana moyo safi na mikono isiyotulia, na hivyo vitu viwili vikikutana vinaunguza nyumba. Manar alikuwa amemwandikia ujumbe tu kwamba nikaha ni Ijumaa, awahi. Adhuhuri babake yuko msikitini, Maher akaifungua laptopu. Simu yake yasema saa moja na dakika, kwa kizungu, laptopu yasema saba. Akaingia ndani ya mipangilio, akaona Tokyo, akatikisa kichwa, masikini wazee wangu, nani kawafanyia hivi? Akairejesha Afrika Mashariki. Kisha akasoma kikumbusho, Ijumaa 2:00, na kwa kuwa ni kompyuta akakisoma kama kompyuta zinavyosomwa: kesho, saa nane mchana, watu wakitoka kusali Ijumaa. Wakati mzuri wa nikaha. Akaichomoa modemu, kile kidude cha intaneti, akaitia mfukoni ili aiongezee salio, akamuaga mamake kwamba anakwenda Kengeja kumuamkia shangazi yake, na huenda akalala. Bi Rumaitha, aliyekuwa amezama katika kukanda unga wa mikate ya wageni, akamwambia amsalimie, neno la kulala hakulisikia.

Mie nilifika baada ya magharibi. Mzee Suud amekaa mezani na kanzu nyeupe, koti, na kofia ya viua aliyoolea yeye mwenyewe. Majirani wawili wa ushahidi wamekaa mkekani. Udi unanukia. Laptopu ikawaka kabla sijavuta kiti, na nikaona pembeni: Alhamisi, 6:50.

Nilidhani mashine imekufa ndani. Mzee Suud akaitazama, akaitazama ya ukutani, akanitazama mie.

"Nani kaitoa Japani?"

Hapo ndipo nikatafuta modemu na sikuiona. Bi Rumaitha akakumbuka kwamba Maher ndiye aliyeifungua laptopu mchana, nikampigia. Nasikia sahani nyuma yake, wako chakulani.

"Modemu ninayo mie, dada Asya. Si kesho saa nane?"

Niliyomwambia hayaandikiki. Nilipomaliza, nikasikia kiti kinaanguka na sauti yake mbali inaomba pikipiki.

Kengeja si mbali, lakini vuli ilikuwa imenyesha siku tatu na njia ilikuwa tope. Isha ikaadhiniwa, wanaume wakasali pale pale ukumbini, wakarudi kukaa. Saa ya ukutani ikafika mbili. Ikapita. Bi Rumaitha alikuwa mlangoni, ushungi ameukunja mkononi, anatazama kiza cha njia. Nilikuwa na hasira na Maher, na hasira na mie mwenyewe kwa kuikabidhi siku ya mtu kwa kidude kimoja, na zaidi ya hasira nilikuwa na hofu, kwa sababu nilimwona Mzee Suud ameanza kuivua saa yake ya mkononi na kuivaa, kuivua na kuivaa.

Simu yake ikalia. Alikuwa Mmanga. Sauti ilitoka mpaka tukaisikia sote. "Kaka, watu wamekaa. Shehe ana majilisi nyengine. Nipe wakala hapa hapa kwa simu, twende mbele."

Mzee Suud aliitazama saa ya ukutani. Maishani mwake hakuna mtu aliyemsubiri, yeye ndiye aliyesubiri watu wengine, na kumkalisha shehe na wageni wa nchi ya mbali kulimuuma kuliko alivyoweza kusema. Nilimwona anafungua mdomo, na nikajua atakubali. Moyo ukaniuma kama babangu mie.

"Nipe Manar," alisema.

Kukawa na mchakacho, kisha sauti ya mwanamke, karibu sana. "Baba?"

"Manar. Tumechelewa, mwanangu. Ami yako anasema..."

"Nimemsikia. Baba, weye hujapata kuchelewa. Limekupata jambo tu. Mie nakaa." Kisha tukamsikia akisema na watu wa chumbani kwake, bila ya kupandisha sauti, kwamba babake ni fundi saa na yuko njiani, na kwamba hapa haozeshi mtu mwengine. Akacheka kidogo, na shehe naye, Mungu amlipe, akacheka. Tukasikia anaomba chai.

Mzee Suud akaiweka simu mezani. Akapangusa macho kwa ncha ya leso, mbele za watu, na hakuona haya.

Maher aliingia ana tope mpaka kiunoni. Hakusalimia. Alichomeka modemu, akasimama ukutani kama mtoto aliyetumwa fimbo ya kuchapwa mwenyewe. Nikanyoosha mkono kubonyeza, Mzee Suud akaurudisha mkono wangu. Akauleta wake, ukatetemeka juu ya kitufe, akashusha kidole mara moja. Kumwona Manar. Ikafunguka papo hapo, haikupepea, haikuganda, na chumba chao kikatokeza chote: shehe na kikombe chake, Mmanga amenenepa, Nassor ametoka jasho kwenye baridi, na nyuma yao mlango ulio nusu wazi wenye ushungi wa kijani wa Manar.

Shehe akamuuliza jina lake na la babake, akamtazama vyema, akaridhika. Mzee Suud akakohoa. Akasema: "Nassor, nakuoza binti yangu Manar, kwa idhini yake, kwa mahari mliyopatana." Sauti yake haikutetemeka hata chembe. Nassor akakubali haraka mno, watu wa kule wakacheka, na Bi Rumaitha akapiga kigelegele kilichoamsha kuku wa nyumba tatu.

Ikishasomwa dua, Maher akasogea, akainama karibu na sikio la babake. "Nisamehe, Baba. Nilidhani imeharibika."

"Irejeshe Japani," alisema Mzee Suud.

Maher akairejesha. Pembeni pakageuka: Ijumaa, 2:52. Mzee akainua macho ukutani kuhakikisha, akaridhika.

Wanaume wa kule walipokwenda kula, Manar akaja akakaa mbele ya kioo, hina mpaka kwenye viwiko, anacheka na kulia pamoja. Akainua mkono afute machozi, na Mzee Suud akasema, "Hebu. Hapo hapo. Usiondoshe mkono."

Ilikuwa ile saa ndogo ya kike.

"Sijapata kuigeuza ikafuata ya huku, Baba," alisema. "Wenzangu kazini wananicheka. Wanasema naishi nchi gani mie."

Mzee Suud akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alitazama saa ya mkononi mwa Manar, akatazama ya laptopu, akatazama ya ukutani.

"Yachelewa dakika tatu."

"Najua, Baba."

"Usimpe mtu wa huko akaifungua. Njoo nayo, niitazame."

Mikono yake ilikuwa juu ya meza, mbele ya kamera, inatetemeka. Sote tuliiona, na Manar aliiona. Bi Rumaitha aligeuza uso. Na mie, mwenye ulimi, nikaanza kukusanya vikombe.

"Sijampa mtu, Baba," alisema Manar. "Naja nayo."